Nilivyosoma Death Note kinyumenyume, na mengine niliyokosea kwenye manga

Wakuu, hii ni kwa yeyote anayetaka kuanza kusoma manga, yani vitabu vya katuni vya Kijapani, kwasababu mimi nimeanza 2018 na kiukweli karibu kila kosa ambalo msomaji anaweza kufanya nimelifanya. Nimechoma bando, nimetapeliwa hela, nimegombana na dada yangu wa damu, na kuna moja ilinilaza kitandani wiki nzima na siumwi. Nitazitaja nnavyozikumbuka na nitasema nnavyoziona, ukibisha bisha tu ila kwanza uwe umesoma.

Tuanze na aibu yenyewe. Mshkaji wangu wa hosteli alinirushia manga inaitwa Death Note yote kwenye simu, volyumu 12, yani vitabu 12. Mimi nilikua natokea kwenye anime, zile katuni za Kijapani za video, za kuwekewa kwenye flashi kule mtaani, nikajua manga ni kama magazeti ya katuni tuliyokua tunagombania tukiwa wadogo, unaanza kushoto unaenda kulia. Hakuna aliyenambia kwamba Wajapani wanaanza kulia. Sasa Death Note ni stori ya mwanafunzi anaitwa Light ameokota daftari, ukiandika humo jina la mtu huku sura yake unaijua basi anakufa, na kuna mpelelezi anaitwa L anamsaka. Watu wawili wenye akili wanategana kwa maneno. Na kwa nilivyokua nasoma mimi, jamaa anajibu kabla hajaulizwa. Nikawa nasema aisee huyu Light ni noma, anajua mpaka swali litakalokuja! Volyumu mbili nzima nimesoma hivo, na nikawa naisifia kwa watu. Mshkaji alivyoniona navuta kidole kwenye kioo kufata viboksi akakaa chini akacheka mpaka machozi.

Kwahiyo la kwanza kabisa, boksi la juu kulia ndo la kwanza, unaenda kushoto, unashuka. Hata maneno ndani ya boksi moja, kiduara cha kulia kinasomwa kwanza. Baada ya siku mbili macho yanazoea hutakumbuka tena. Death Note nikairudia na bado ni nzuri, ila nusu ya kwanza tu, baada ya tukio fulani katikati (waliosoma wanalijua) inakua kama chai iliyoongezwa maji, ni chai ndio lakini unajua kabisa kuna mtu kaongeza maji.

Kosa la pili lilichukua miaka kuligundua. Nilikua nakimbia. Naruto ina chapta 700, mimi nilikua napiga chapta 40 kwa siku, asubuhi kwenye daladala, mchana kazini kwa kujificha, usiku mpaka simu inaniangukia usoni. Nasoma maneno, picha napitisha jicho tu kama mtu anatafuta jina lake kwenye orodha ya mkopo. Nikimaliza naulizwa vipi Naruto, nasema kali, basi. Nnavyoiona sasa, mwanzo mpaka safari ya kumrudisha mwenzake Sasuke ni stori ya maana sana, mtoto yatima anayechukiwa kijijini anatafuta mtu wa kumtambua, ila ile vita ya mwisho imerefushwa mpaka unasahau nani anapigana na nani na kwanini. Lakini kama wewe uliishia kwenye anime ukachoshwa na zile epi za kujazia, rudi kwenye manga, zile hazipo.

Bleach nayo nikaipitia kwa staili hiyohiyo, volyumu 74. Tite Kubo anachora mtu anasimama, nguo inapepea, nyuma hamna kitu, ukurasa mweupe. Ukiwa unakimbia unamaliza chapta kwa dakika moja na nusu na unajisikia umeibiwa bando. Nimekuja kuirudia taratibu nikagundua ule weupe ndo mchoro wenyewe, jamaa anajua kumsimamisha mtu kwenye karatasi kuliko karibu wote. Stori sasa, mmh. Mwisho wake 2016 ulifungwa kama duka linalofungwa mgambo wakionekana kwa mbali.

One Piece ndo kila mtu ananiuliza. Imeanza Julai 1997, imepita chapta 1,100 na Oda bado anachora. Mimi nilijifanya mjanja nikaruka nikaanzia nilipokua nimeishia kwenye anime, kosa kubwa, kwasababu yule mzee anapanda kitu leo anakivuna baada ya miaka kumi na wewe hukuwepo wakati anapanda. Ushauri wangu, soma mpaka mwisho wa sehemu inayoitwa Arlong Park, ni kama chapta ya 95, kama hapo yule binti Nami anapoomba msaada haujasikia chochote kifuani basi achana nayo kwa amani, sio yako, na usikubali watu wakwambie "vumilia itanoga huko mbele". Chapta 95 umeshavumilia vya kutosha.

Hizi mpya za kila wiki nyingi zinatoka rasmi usiku wa manane Japani kuamkia Jumatatu, kwa saa zetu ni Jumapili saa 12 jioni. Ila picha zinavuja kuanzia katikati ya wiki, kwahiyo Jumatano mpaka Jumapili kaa mbali na stetasi za watu. Attack on Titan iliniharibikia hivohivo. Nimeifata kwa miaka, inafika chapta ya 139 ya mwisho Aprili 2021, mtu wa ofisini kabandika ukurasa wa mwisho stetasi na emoji ya kucheka. Sikumsemesha siku nne. Kuhusu huo mwisho watu wanatukanana mpaka leo, mimi nauona mwisho wa haki kwa stori ile, haukua na raha ila nani alisema itakua na raha? Tatizo langu ni ule uharaka wa kurasa za mwishoni. Michoro ya mwanzo ni mibaya, nyuso zimepinda, usiikimbie kwa hilo, Isayama alikua anajifunza mbele yetu.

Sasa hela. Kuna kipindi nikasema simu inaniumiza macho, nataka vitabu vya kushika. Nikamkuta muuzaji mtandaoni anasema ana seti ya manga, "original kutoka nje", kitabu kimoja elfu 35. Nikatuma laki moja na elfu 75 ya vitabu vitano. Wiki tatu kimya, simu inaita haipokelewi, halafu kikaja kifurushi: volyumu ya 1, ya 2, ya 2 tena, ya 4 na ya 7. Wino umevuja, kurasa nyeusi zote zimekua kijivu, na kwa mbali maneno hayasomeki. Nilikaa na kile kifurushi mapajani nikahisi uchizi. Niliyempa lawama ni mimi, sikuomba picha ya kitabu kikiwa wazi, sikuuliza namba za volyumu, nikalipa yote kabla. Siku hizi nikinunua naomba picha ya ndani, na natafuta matoleo yaliyounganishwa. Mfano Fullmetal Alchemist ya volyumu 27 kuna toleo la Kiingereza wameweka tatu kwenye kitabu kimoja kwahiyo vinakua 9 tu. Monster ya 18 nayo vinakua 9. Unaokoa hela na hata usafiri.

Kwa wasio na hela, na mimi mara nyingi ni mmoja wao, kuna MANGA Plus, tovuti na programu ya Shueisha, wachapishaji wenyewe, iko tangu 2019, chapta tatu za mwanzo na tatu za mwisho bure, na kwenye programu ya simu, manga nyingi unaweza ukasoma chapta zote bure, ila kila chapta mara moja tu. Nilihangaika miaka na zile tovuti za wizi zenye matangazo ya wadada na kamari, tafsiri mbovu, kurasa zimeruka, na siku moja tovuti ikafa na alama zangu zote za wapi nimefikia zikafa nayo. Manga kama 20, sijui nilikua chapta ya ngapi. Tangu hapo naandika kwenye daftari la kawaida, jina na namba ya chapta. Ndio, daftari. Utani wa Death Note nimeshausikia.

Kabla ya kuingia popote uliza swali moja: imeisha? Mimi sikua nauliza. Hunter x Hunter nikaimaliza yote iliyopo kwa mwezi, nikiwa kwenye moto kabisa, nikakuta imesimama tangu Novemba 2018. Ikarudi Oktoba 2022, karibu miaka minne, ikatoa chapta 10 ikalala tena mpaka Oktoba 2024. Mchoraji wake Togashi mgongo unamuua na mwenyewe amesema wazi, kwahiyo sina neno naye, mtu akiumwa anaumwa. Na bado nakwambia isome, kwasababu ile sehemu ya mfalme wa wadudu na msichana kipofu wanaocheza mchezo wao wa ubaoni, mfalme anayeweza kuua kila mtu anafungwa kila siku na binti anayetoka makamasi, mimi nikiona wazee wanacheza bao barazani nawakumbuka wale wawili. Ila jiandae, kuna kurasa zina maneno mengi kama mkataba wa mkopo.

Nana ya Ai Yazawa dada yangu ndo alinilazimisha, wasichana wawili wa jina moja wanakutana kwenye treni kwenda Tokyo na wanakuja kuishi chumba kimoja. Wanaume wengi hawaigusi, wanasema ya kike. Wanakosa. Imesimama 2009 mwandishi alipougua, volyumu 21, na imesimama pabaya kuliko zote, dada mpaka leo ukimtajia anasonya.

Na kuna kosa la kusoma kitu kizito wakati mbaya. Mwanzoni mwa 2020 mkataba wangu wa kazi uliisha, masika imeanza, niko ndani tu. Nikaona kwenye orodha ya mtu "manga bora zaidi": Oyasumi Punpun, volyumu 13. Mtoto wa kawaida ila kachorwa kama kandege ka kitoto, na karibu kila kitu kingine kimechorwa kama picha ya kamera. Nikajua ni ya kuchekesha. Ndugu zangu. Inamfata yule mtoto anakua, familia inavunjika, anaharibika taratibu ndani kwa ndani, na mwandishi Inio Asano hana huruma hata kidogo. Nilimaliza kwa siku tatu, nikalala wiki nzima, chakula naletewa, mama akaanza kuuliza kama nina malaria. Ni kazi kubwa na siwezi kusema ni mbaya, lakini kama una msongo wa mawazo au huna mtu wa kuongea naye iache ikusubiri. Kilichonitoa ni Yotsuba&!, katoto ka miaka mitano kenye nywele za kijani kanashangaa kengele ya mlangoni, kanashangaa mvua, basi hakuna kingine. Nilikua nazisoma mbilimbili kama panadol.

Sasa nifike kwenye kilichobadilisha kila kitu. 2022 dada alihamia kwangu na mwanae, wakati huo ana miaka 9. Dogo akaniona na simu, akataka. Kiingereza hajui, nikaanza kumtafsiria kama wale madijei wa muvi zilizotafsiriwa, na sauti zao na vituko vyote, "hapa sasa jamaa anamwambia wee subiri uone!" Tukaanza na Fullmetal Alchemist, ndugu wawili walijaribu kumrudisha mama yao aliyekufa kwa elimu ya alkemia, mmoja akapoteza mkono na mguu, mwingine akapoteza mwili wote akabaki roho ndani ya deraya la chuma. Mimi nilishaimaliza zamani kwa siku nne, najua kila kitu, nikawa namrusha.

Dogo harukiki. Ananishika mkono. "Anko huyu mbona hamwangalii mwenzie?" "Anko hii saa mbona anaificha?" Kuna sehemu ni mazishi, kuna afande anabaki peke yake makaburini na msaidizi wake, anavuta kofia anasema mvua inaanza kunyesha. Nikatafsiri. Kabla sijafika kiduara kinachofata dogo akasema, "Anko, hamna mvua hapo." Kakazia kweli, anahisi nimekosea kutafsiri. Mimi ile sehemu nilishaipita zamani kwa sekunde kumi, nilijua tu kuna mtu kafa. Nikaitazama upya na yule afande na mashavu yake. Nikashindwa kuendelea na sauti ya dijei, nikamwambia twende tukale kwanza.

Baada ya hapo nikaanza kurudia manga zangu zote taratibu na nikaona nilikua sijasoma, nilikua nimesikia habari zake tu. Ushauri wangu wa maana kwenye hii yote ni huo, ukifika mwisho wa chapta rudi kurasa tatu uangalie bila kusoma. Na kama una mtoto nyumbani, msomee.

Lakini sio kila kitu, na hapa ndo nilipogombana na dada. Berserk niliianza Mei 2021 baada ya habari kwamba mchoraji wake Kentaro Miura amefariki, ana miaka 54, stori hajaimaliza. (Inaendelea tangu Juni 2022, vijana wa studio yake wanachora na rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alishamsimulia stori, ndo anaisimamia. Sio ileile, ila naisoma kwa heshima.) Hakuna mtu amechora kama yule bwana, deraya, farasi, majoka, kila mstari ameulipia. Lakini ina ubakaji, ina ukatili wa kutapisha. Na mimi nikaacha simu wazi kwenye kochi. Dada ndo alimkuta dogo anayo, bahati alikua bado anatazama farasi. "Hivi kaka una akili kweli wewe? Hizi ndo katuni zako unamsomea mtoto?" Sikua na jibu. Alifuta programu zote mbele yangu na mwezi mzima hatukusoma kitu. Kwahiyo jua hili, imechorwa haimaanishi ni ya watoto. Japani wanazigawa, shonen ni za vijana wa kiume, shojo za wasichana, seinen za wanaume watu wazima, josei za wanawake watu wazima. Berserk, Monster, Vagabond, Punpun zote ni seinen. Angalia hilo neno kabla hujampa mtoto wa mtu, na hata shonen zenyewe pitia mwenyewe kwanza, Chainsaw Man inaitwa shonen na mimi simpi.

Monster nitasema kidogo tu, daktari wa Kijapani yuko Ujerumani, 1986, anachagua kumwokoa mtoto badala ya meya, na yule mtoto anakuja kua muuaji. Kama unapenda riwaya za kipelelezi na hutaki mambo ya kupaa na kurusha moto anzia hapo.

Vagabond ndo kipenzi changu na pia imesimama, tangu 2015, volyumu 37, kwahiyo nakuonya. Ni Musashi, yule mpiga upanga wa Kijapani wa zamani. Nilivyoisoma kwa kukimbia nilichukia vitabu vya mwishomwisho, jamaa ameacha upanga yuko kijijini kwenye njaa analima mpunga, nikasema huu ni upuuzi gani. Mimi kwetu ni Kyela. Nimekulia kwenye mpunga, nimesimama kwenye maji nikiwa na umri wa huyo mpwa wangu. Niliporudia nikaona mtu anajaribu kulazimisha maji yakae anapotaka yeye, na maji yanamkatalia, babu angemcheka sana. Inoue kachora tope lile mpaka nikahisi harufu. Ningeipita hivihivi.

A Silent Voice ni volyumu 7 tu, kijana aliyemtesa shuleni msichana kiziwi anamtafuta miaka baadae amwombe msamaha. Darasani kwetu kulikua na mwenzetu ana kigugumizi na mimi ndo nilikua bingwa wa kumwigiza. Nimeisoma mara moja. Nilitafuta namba yake, nimeipata, sijapiga.

Dada alilegeza akakubali tena, kwa sharti anaona jina la manga kwanza. Sasa hivi tuko na Slam Dunk, volyumu 31, imeisha 1996, Sakuragi mwenye nywele nyekundu anaingia timu ya kikapu kwasababu ya msichana na hajui hata kudaka. Dogo ana miaka 12 sasa, na siku hizi kabla ya kuanza chochote ananiuliza "Anko, hii imeisha?" Jumamosi tumefika mechi ya mwisho na timu ya Sannoh, zile kurasa za dakika za mwishomwisho ambazo maneno yanaisha kabisa, ni mikono, viatu, jasho na mpira. Nilikua nimeshajiandaa na sauti ya kutangaza mpira. Nikanyoosha kidole nifungue ukurasa, akanizuia.

"Ngoja Anko. Sijamaliza hapa."

Hamna neno hata moja kwenye ule ukurasa. Nikasubiri.